Ubeti wa Mwisho wa Shekue

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kwenye chuo kimoja kilichojengwa kilimani, uongozi ulipiga marufuku midahalo ya mkahawani. Wanafunzi waje kula, ukasema, si kusema.

Alikuwapo kijana Shekue, mshairi. Hivyo ndivyo alivyojitambulisha, hata kwa muuza chapati. Shekue alitunga shairi la kuupinga uongozi, akakusudia libandikwe bila jina. Lakini washairi wana desturi yao: ubeti wa mwisho humtaja mtunzi. Mkono ukamwasha. Akaandika jina lake, la baba yake, na la kijiji chao.

Rafiki yake Tunu ndiye aliyekwenda kubandika. Akausoma ubeti ule, akaguna, akauchana, akazibandika zile beti nyingine kwenye ubao wa mkahawani. Mlinzi alipokuja kumkagua, Tunu akautia mdomoni, akautafuna, akaumeza.

Shairi likapendwa. Watu wakaulizana ni nani fundi huyu. Shekue akawa anapita pale ubaoni, anakohoa, anapita tena. Hakuna aliyegeuka.

Ndipo Lugano, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, akapanda juu ya meza ya mkahawa, akalighani shairi lote. Akakamatwa. Kamati ya nidhamu ikamwambia amtaje mtunzi abaki, au anyamaze arudishwe kwao muhula mzima. Lugano, ambaye hata darasani hakuwahi kunyamaza, akanyamaza.

Chakula kikamshinda Shekue. Akaenda mbele ya kamati, nusu kwa huruma, nusu kwa kutaka sifa. Nusu ipi ilikuwa kubwa, mwenyewe hakuthubutu kupima. Akasema mtunzi ni yeye, na kwa ushahidi akaughani ubeti wa mwisho.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mwanangu, ubeti huu ni mbovu. Aliyetunga beti zile nyingine hawezi kutunga huu. Nenda kasome."

Lugano akarudishwa kwao. Lakini shairi lilikuwa limeshashika. Likaimbwa kwenye foleni ya chakula, likaimbwa bwenini, likaimbwa bafuni, mpaka uongozi ukachoka, ukairuhusu midahalo. Muhula uliofuata Lugano alirudi, na wanafunzi wakaamua kwamba mmoja tu apewe heshima ya kufungua mdahalo wa kwanza.

Tunu akasema, "Bila mimi Shekue angekuwa kwao anachunga mbuzi. Jina lake nimelimeza mimi, na wino ulikuwa mchungu."

Lugano akasema, "Karatasi ilikuwa imenyamaza ubaoni. Sauti niliitoa mimi, na muhula uliopotea ni wangu."

Shekue akasema, "Maneno ni yangu. Tena nilijitaja."

"Ulijitaja mara mbili," Tunu akamwambia, "na mara ya kwanza hukuombwa."

Sasa ukumbi umejaa, kipaza sauti kimewashwa, na Shekue ameshaanza kukohoa. Nanyi mnaonisikiliza, semeni kabla hajafika jukwaani: kati ya aliyetunga, aliyemeza na aliyeghani, je, nani anastahili neno la kwanza?