Filamu ya Kiboko na Kipaza Sauti cha Nguchiro

Paukwa!
— Pakawa!
Mlango?
— Umefungwa!
Taa?
— Zimezimwa!
Nani kakaa mbele akatuzibia?
— Kiboko!

Ee, mmemjua. Basi tulieni. Na wewe wa muwa, tafuna polepole, sitaki kusimulia nikishindana na meno yako.

Hapo kale wanyama walikuwa na kisima kimoja na banda moja la video. Filamu zote zilikuja kwa lugha za mbali, na mtafsiri alikuwa Nguchiro. Anakaa pembeni ya kitambaa cha filamu, kipaza sauti mkononi, anasema kwa niaba ya wote: akilia mtoto, analia yeye, ikilia bunduki, ta-ta-ta, ni yeye. Mnyama mwenyewe mdogo tu, lakini sauti, usiseme!

Siku moja Kiboko akatangaza kwamba anatengeneza filamu ya historia. Vita Kuu ya Kisima! Siku za ukame, mababu walipopigania maji! Picha zikabandikwa kila mti. Masika ya kwanza, wanyama wakangoja. Masika ya pili, wakangoja. Masika ya tatu, Twiga akashona gauni la kuendea.

Lakini hakuna aliyengoja kama Nguchiro. Kwao, tangu ananyonya, aliambiwa kisima kile alikichimba bibi yake kwa kucha zake mwenyewe. Akawa anazunguka huku na huku: "Bibi yangu atatokea! Mtamwona bibi yangu!"

Siku ikafika. Banda likajaa pomoni. Kiboko akasimama mbele, tumbo kwanza, yeye baadaye.

"Ndugu wananchi! Hii ndiyo historia yenyewe. Nilichosema humu ni kweli tupu, na kuanzia leo ndiyo sheria ya kisima. Mnakubali?"

Kwa uchu wa filamu, wote wakaitikia: "Tunakubali! Washa!"

Ngiri akainua mkono kule nyuma. "Samahani jamani, kuhusu babu yangu..."

"Kaa chini, unatuzibia!"

Filamu ikaanza. Kiboko kamwigiza babu yake, na maneno yote kayasema kwa lugha ya viboko wa kale, ili filamu ionekane nzito. Lugha yenyewe haijui! Shangazi yake ajuza ndiye aliyemkaririsha. Nguchiro aliijua, kwa sababu bibi yake alikuwa akiwatukana viboko kwa lugha hiyohiyo.

Kiboko wa kwenye kitambaa akatazama mbali. "Hooo!"

Nguchiro akatafsiri: "Mimi ni mkubwa."

Akapanda kilima, akatazama mbali. "Hooo, hooo!"

"Mimi ni mkubwa sana."

Akashuka kilima, akatazama mbali. "Hooo, hooo, hooo!"

"Bado ni mkubwa."

Kiboko mwenyewe, kwenye kiti cha mbele, akamwinamia Nguchiro. "Kumbe hapo nilisema hivyo? Ala! Maneno mazuri!"

Saa nzima ni hayohayo. Vita yenyewe ilikuwa nyati sita wakizunguka kichaka kimoja, tuku-tuku-tuku, na mmoja wao kavaa saa ya mkononi. Twiga akapiga mwayo. "Hii ndiyo tuliyoingojea masika matatu?" Hata Fisi, anayecheka mpaka msibani, alikuwa kimya.

Na bibi? Bibi akapita. Fyuu! Mkia tu. Kiboko akasema "Hooo," na Nguchiro aliisikia vizuri maana yake: mwizi wa mayai huyo, mfukuzeni.

Machozi yakamlengalenga. Masika matatu kangoja, bibi yake kawa mkia! Na balaa lilikuwa bado linakuja. Sheria imeshakubaliwa; ilikuwa wazi kwamba mwisho wa filamu Kiboko atakitwaa kisima, na yeye Nguchiro ndiye atakayetamka, kwa mdomo wake mwenyewe. Akataka kuweka kipaza sauti chini aende zake. Halafu akamtazama Kiboko pale mbele, anajitazama mdomo wazi, haelewi hata neno moja analosema. Nguchiro akakishika kipaza sauti vizuri.

Ikaja sehemu ya mwisho. Kiboko akaingia kisimani, chubwi! "Hooo! Hooo! Hooo!" Maana yake: kisima ni changu, nyie lambeni matope.

Nguchiro akakohoa, koh-koh. "Anasema: Asante, Bibi Nguchiro. Umechimba wewe, mimi nimelala. Kwa aibu hii, mimi na wajukuu wangu tutazoa tope la kisima kila kiangazi, na maji tutakunywa wa mwisho."

Banda likalipuka! Vigelegele, miluzi, Fisi kacheka mpaka kaanguka.

"Sikusema hivyo!" Kiboko akanguruma.

"Basi ulisemaje, mzee wangu?" Nguchiro akamsogezea kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Lugha ni ya kwenu. Tutafsirie neno kwa neno."

Kiboko akafumbua mdomo. Aseme haijui lugha ya babu yake, yeye mjukuu wa shujaa? Mbele ya Twiga na gauni lake?

"Ndi... ndivyo," akasema. "Nilisema hivyohivyo."

Kiangazi kikaja. Kiboko yumo kisimani, tope mpaka shingoni, anazoa, pwata, pwata. Nguchiro kakaa ukingoni, kashakunywa wa kwanza, anawasimulia watoto habari za bibi. Ngiri akapita na ndoo yake, akainua mkono.

"Samahani jamani. Kisima hiki alikichimba babu yangu. Kwa pua."

"Sogea," Nguchiro akamwambia, "unatuzibia."

Hadithi imekwisha, kitambaa kikunjwe. Mmejifunza nini? Wewe wa muwa, sema. Hujui? Mmejifunza kwamba uongo haufiki mbali, na ukweli haufichiki. Ndiyo maana mpaka leo kila mnyama anajua kisima kile alikichimba bibi yake Nguchiro.

Taa?
— Ziwashwe!
Kiti?
— Kila mtu na chake!