Mtaja Mipaka na Pumba za Jogoo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kinu na mchi, na jogoo anayesubiri pumba!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Mipaka ya majaruba yao haikuandikwa popote. Ilikaa kichwani mwa mtu mmoja, Mzee Ngwali. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikinyesha, alisimama tutani akaitaja. Majaruba sitini. Akikosea, watu wangeshikiana mapanga.

Kwa heshima yake, kijiji kilimlisha. Chakula cha heshima kilikuwa kimoja tu: wali mweupe pe. Mkewe, Mize, alitwanga mpunga mara tatu. Twa! Twa! Twa! Pumba zikaenda kwa kuku. Mboga na choroko hakupewa, hivyo vilikuwa vya watu wa kawaida.

Mwaka mmoja miguu ya Mzee Ngwali ikavimba. Vidole vikafa ganzi. Akitembea kidogo, moyo, du! du! du! Kisha akaanza kusahau. Akamwita mkewe kwa jina la dada yake marehemu.

Watu wakaogopa. Mvua ilikuwa karibu. Wakaleta unga wa mizizi, wakaleta mafuta, wakaleta dawa ya vumbi kutoka kwa mchuuzi. Akanywa vyote. Miguu ikazidi kuvimba.

Ndipo akaja Bibi Siwema, mkongwe kuliko wote. Hakuleta kitu. Alikaa kando ya kinu, akauliza.

"Mize mwanangu, mbona wewe huumwi? Mnalala nyumba moja, mnakunywa kisima kimoja."

"Mimi sina heshima, bibi," Mize akacheka. "Nakula choroko na mchicha. Nikitwanga, narambaramba pumba."

"Na yule jogoo?"

"Huyo! Jana kamkimbiza mbuzi."

"Anakula nini?"

Mchi wa Mize ukabaki hewani.

Mzee Ngwali alipoambiwa, alifoka. "Nile chakula cha kuku? Mimi?"

"Jogoo anajua njia ya kurudi nyumbani, Ngwali. Wewe juzi tulikukuta kwa jirani, unadai uji," Bibi Siwema akamjibu.

Mzee akaitazama miguu yake iliyovimba.

"Mna nini ndani ya pumba?" akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Sijui. Nadhani mna kitu ambacho moyo unakitaka ili usukume damu, na kichwa kinakitaka ili kikumbuke. Tujaribu."

Mize akatwanga mara moja tu, pumba zikabaki kwenye punje. Twa! Akapika wali wa rangi ya udongo, na choroko, na mchicha. Siku ya tatu, moyo ukatulia. Siku ya kumi, miguu ikapungua uvimbe. Siku ya ishirini, mvua ikanyesha.

Mzee Ngwali akapanda tutani. Akataja moja, akataja kumi, akataja hamsini na tisa. Akasita. Mikono ya watu ikagusa mipini ya mapanga.

"La sitini ni la Mize," akasema. "Mize mke wangu. Linaanzia penye kinu."

Kesho yake kijana mmoja akala ndoo nzima ya pumba ili awe na akili. Tumbo likamsokota siku mbili.

"Wewe hukupungukiwa na pumba," Bibi Siwema akamwambia.

Mpaka leo, pale kijijini, mtu akiugua hawaanzi kuuliza aongezewe nini. Huuliza kwanza: sahani yake imeondolewa nini?

Nami kinu changu nimekifunika hapo. Mwenye mchi na atwange chake.