Mpira Juu ya Mpira

Aliyemwaga ndiye ajuaye kufunga.

Mmeisikia asubuhi hii pale kituo cha maziwa, Vumilia alipoangusha keni nzima mlangoni, na Mama Mwenyekiti, badala ya kumfukuza, akamkabidhi keni nyingine. Mkatazamana. Mkadhani mama yule amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alisema methali ya kijiji hiki hiki cha Ikwavila, na kwa kuwa mmeniuliza ilikotoka, tulieni niwape chanzo chake. Wapo watu wa vijiji vya jirani wanaodai ilitoka kwa wagema wao wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Waacheni waseme, mdomo haulipiwi kodi. Sisi tunamjua mwanamke aliyeizaa, na hata gari lenyewe tunalijua.

Mwanamke huyo aliitwa Skolastika, mke wa Gaspari Mgaya. Gaspari alikuwa na pikapu ya bluu, kuukuu, yenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Kila alfajiri ilizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya maziwa ya kijiji kizima na kuyapeleka kituoni mjini. Maziwa hayana subira. Yakichelewa yanaganda, na yakiganda hakuna wa kuyapokea. Kwa hiyo pikapu ile ilikuwa sare za shule, chumvi na sabuni za nyumba nyingi, si ya Mgaya peke yake.

Gaspari akafariki kwa homa ya mapafu. Matanga yalipoanuliwa, Skolastika alifunga khanga kiunoni, akaketi kwenye usukani, akaanza mzunguko. Kuendesha alikuwa amefundishwa na mumewe, tena kwa leseni. Watu walishukuru kimoyomoyo. Lakini ukoo una macho yake. Kaka mkubwa wa marehemu, mzee Leopoldi, hakupendezwa. Hakuwa mtu mbaya, msimwelewe vibaya. Alikuwa mtu wa kuogopa hasara kuliko simba.

"Shemeji," alimwambia Skolastika, "gari si sufuria. Gari linataka mtu wa kulijua tumboni. Mavuno yakiisha tutakaa kikao cha kugawa vitu vya marehemu. Mimi nitasema ukweli wangu: gari apewe Osmundi."

Osmundi alikuwa mwanawe Leopoldi, kijana mpole aliyekuwa ametoka kusomea udereva mjini na kupewa cheti kizuri chenye muhuri.

"Na mimi?" Skolastika aliuliza.

"Wewe utakula matunda yake. Hatutakuacha ulale njaa."

Kula matunda ya gari la mumewe kutoka mkononi mwa mtu mwingine, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa! Skolastika aliondoka na neno lile. Tangu siku hiyo alijua kwamba pikapu ikipata hata mkwaruzo kabla ya mavuno, imekwenda.

Basi, siku moja alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya tena na kukitazama. Oili ilikuwa nyeusi kama chungu cha makande. Fundi aliyezoea kumhudumia Gaspari alikuwa amehama, na kulipeleka gari gereji ya mjini kukaa foleni mchana kutwa kulikuwa na maana ya maziwa ya jioni kumwagwa. Tena Leopoldi angesema: unaona, anamtegemea fundi. Skolastika akaamua kubadilisha oili mwenyewe, nyumbani. Mara nyingi alikuwa amemshikia Gaspari tochi. Aliona si kazi ya kumshinda mtu aliyekwisha kuzalisha ng'ombe.

Na kusema kweli, alifanya vizuri. Alilipandisha gari matairi ya mbele juu ya mbao nene, akaweka mawe nyuma ya matairi, akaingia chini na beseni. Akafungua nati ya chini, oili yote ikachuruzika. Akaifunga nati. Kisha akashika filta, lile kopo la chuma la kuchujia oili, akalizungusha mpaka likatoka. Filta huja na mpira wake wa duara mdomoni, wa kuzuia oili isivuje. Skolastika alipopitisha kidole pale filta ilipokuwa, alikuta mpira wa ile ya zamani umebaki umeng'ang'ania injini.

Hapo ndipo Ikwavila ilipomponza.

Ninyi mnazijua keni zetu. Barabara zetu hizi za mabonde zinatikisa maziwa mpaka yanatafuta njia ya kutokea. Kwa hiyo tangu zamani hapa kwetu, mpira wa mfuniko ukichoka hatuutoi. Tunapachika mpya juu yake. Mpira juu ya mpira! Wageni hushangaa, lakini maziwa yetu hufika. Skolastika alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa msichana, na alipougusa mpira ule chini ya gari, alitabasamu. "Gaspari, umeniachia akiba," alisema. Akauacha pale pale, akafunga filta mpya juu yake kwa nguvu zake zote, akamimina oili mpya, akapima, akawasha. Gari likanguruma kwa sauti laini ambayo haikuwa imesikika muda mrefu. Alicheka peke yake uani, mikono myeusi hadi viwiko. Msimlaumu. Furaha ya kazi ya mkono wako mwenyewe ni tamu kuliko asali.

Kesho yake alfajiri alipakia keni, akaondoka. Njia tambarare ilikuwa salama. Lakini alipokanyaga mafuta kupanda kilima cha kanisani, alisikia kishindo kidogo, kisha ile taa nyekundu ya oili ikawaka mbele yake. Skolastika hakusubiri kujiuliza. Alizima injini pale pale, akavuta breki, akashuka. Nyuma yake barabara ilikuwa na mstari mweusi unaong'aa, na chini ya gari oili mpya ilikuwa ikitiririka mpaka ikatengeneza dimbwi.

Watu walitoka majumbani. Huruma ilikuwapo, lakini na kicheko pia kilikuwapo, maana binadamu ndivyo tulivyo. Keni zikabebwa kwa baiskeli na vichwani; nyingine zilifika, nyingine maziwa yake yaliganda njiani. Wenye maziwa yaliyoganda hawakucheka.

Mzee Leopoldi alikuja akiwa bado anafunga vifungo vya koti. Alilitazama dimbwi, akamtazama shemeji yake.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Skolastika.

"Fundi gani alikusaidia?"

"Hakuna fundi, shemeji. Nimesema ni mimi. Kosa ni langu."

Leopoldi alinyoosha mkono. "Basi nipe ufunguo kabla hujaliua kabisa."

Skolastika alitamani ardhi ipasuke. Machozi yalikuwa yamefika ukingoni. Lakini aliufumba mkono wenye ufunguo. "Siku ya kikao haijafika," alisema. "Siku hiyo nitauweka mkekani mbele ya Mama. Leo niache nijue nilichokosea."

Mama aliyemtaja alikuwa mama mkwe wake, Bibi Anzelma, aliyewazaa Leopoldi na Gaspari. Bibi huyo alikuwa amefika na mkongojo wake, amesimama kando. Alimtazama tu mkamwana wake akivua viatu na kuingia tena chini ya gari, mbele ya macho ya watu wote, pale pale barabarani.

Alipoifungua filta aliuona ukweli. Ule mpira mpya ulikuwa umesukumwa nje upande mmoja, umening'inia. Skolastika aliugeuzageuza mkononi, akawaza. Maziwa katika keni hutikisika tu. Hayana nguvu ya kusukuma. Oili, injini ikikimbia, husukumwa kwa nguvu, na mpira uliokalia mpira mwenzake hauna pa kushika. Kinachofaa kwenye keni si lazima kifae kwenye injini. Alilisema hilo kwa sauti, ili walioko pale walisikie, kisha akaukwangua ule mpira wa zamani kwa ukucha mpaka ukatoka.

Mnajua alichoufanyia? Aliuvaa mkononi kama bangili. Wanawake kisimani wakamtania, wakimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Edga, umevalishwa na nani?" Akawajibu, "Nimevalishwa na kilima cha kanisani." Wakacheka wote, naye akacheka, na tangu hapo kicheko kilipungua makali. Ni vigumu kumcheka mtu aliyekutangulia kujicheka.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Alifukia oili ya barabarani kwa mchanga na majivu, mstari mzima, ng'ombe wasije wakailamba. Aliuza mbuzi akanunua oili nyingine na filta nyingine. Safari hii hakufanya kwa kujificha. Alifanya uani, mchana, mwenye kutaka kutazama akatazama. Alipitisha kidole pale pa kukaa filta, akapitisha tena, akapangusa kwa kitambaa safi. Mpira mpya akaupaka oili kidogo. Akaifunga filta kwa mkono, bila kuikaba koo kama mara ya kwanza. Kisha akatandika kiroba cheupe cha unga chini ya injini, akawasha, akakanyaga mafuta mpaka kuku wakakimbia, akazima, akainama kuchungulia. Kiroba kilibaki cheupe. Asubuhi yake akakanyaga mafuta kupanda kilima kile kile, na kengele ya kanisa ikagongwa akiwa amekwisha kufika upande wa pili.

Siku zikaenda, mahindi yakaingia ghalani, kikao cha ukoo kikakaa. Kwetu hapa kitu chenye ubishi huwekwa mkekani mbele ya mama mkubwa wa ukoo, na neno lake ndilo hufunga. Skolastika aliuweka ufunguo mbele ya Bibi Anzelma, akarudi kuketi kwa wanawake. Maisha yake yote yalikuwa yamelala pale juu ya ukindu, kipande kidogo cha chuma.

Leopoldi alisimama. "Mama, mimi sina chuki na shemeji. Lakini wote tuliona oili barabarani. Osmundi amesoma. Osmundi hajawahi kukosea hata mara moja."

Bibi Anzelma aligeuza kichwa taratibu. "Osmundi, mjukuu wangu. Umewahi kubadilisha oili kwa mikono yako?"

"Hapana, Bibi. Chuoni tulionyeshwa tu."

"Ungekuta mpira wa zamani umebaki kwenye injini, ungefanyaje?"

Kijana angeweza kujisifu. Hakujisifu. Aliinamisha kichwa akasema, "Bibi, mimi ni mtoto wa Ikwavila. Nadhani ningepachika mpya juu yake."

Watu wakaguna. Bibi akamgeukia mkamwana wake. "Na wewe, Mama Edga?"

Skolastika alisimama. Sauti ilitoka imara kuliko alivyotarajia. "Mimi, Mama, hata nikiamshwa usingizini, kidole changu kitautafuta mpira huo kabla ya macho kufunguka."

Bibi Anzelma aliuokota ufunguo. "Leopoldi, unasema mwanao hajakosea. Atakosea vipi, hajashika? Huyu mwenzenu kosa lake alilifanya mbele yetu, akalikiri, akalilipia, akalirekebisha. Hilo halitarudi tena. La kwenu bado liko njiani linakuja, na mnataka lije lifanyikie kwenye maziwa ya watu." Akanyoosha mkono wenye ufunguo. "Aliyemwaga ndiye ajuaye kufunga. Njoo uchukue gari la mumeo."

Skolastika alitembea mpaka mkekani akapiga magoti kupokea. Hakulia barabarani siku ile ya aibu, akalia siku hii ya heshima. Na wanawake wakapiga vigelegele, nami nawaambia vilisikika mpaka bondeni.

Mngetaka hadithi iishie hapo, lakini methali ya mtu mmoja si methali bado. Inakuwa methali inaposemwa na yule iliyemshinda.

Jioni ile ile Osmundi alikwenda uani kwa Skolastika. "Mama mdogo," alisema, "nifundishe." Naye akamfundisha, bila kinyongo. Oili ilipofikia tena kubadilishwa, alimpa spana akaingia jikoni kupika, akamwacha afanye mwenyewe. Kijana alifanya yote aliyofundishwa: kidole, kitambaa, mpira mmoja. Ila aliisahau ile nati ya chini. Akaanza kumimina oili mpya juu huku inatoka yote chini, inamfikia miguuni, mpaka majirani wakaja kushika mbavu zao ukutani.

"Cheti! Cheti kinavuja!" alipiga kelele mmoja wao.

Mzee Leopoldi alikuwa akipita. Alisimama. Alimtazama mwanawe, mweusi mpaka magotini, nati imo mkononi mwake, anaitazama kama mtu anayesoma maandiko. Kisha akawageukia majirani, kifua mbele, na sauti yake Skolastika aliisikia mpaka jikoni.

"Mnacheka nini? Njooni mwakani muone nani atakuwa fundi wa kijiji hiki. Aliyemwaga ndiye ajuaye kufunga!"