Kwa Nini Mbegu ya Kiazi Hutoka Mlimani

Enyi mnaokula chipsi bila kujua zilikotoka, zamani hizo kiazi hakikukaa ardhini. Kilining'inia matawini kama nyanya, huko mabondeni kwenye joto, na watu walikichuma wamesimama wima. Mlimani hakikuwepo. Huko kulikuwa na ukungu, baridi kali, na mjane mmoja, Tupokigwe, aliyebaki na binti yake Sekela.

Kila mavuno Tupokigwe alishuka kuomba viazi. Watu wa bondeni walimpa huku wakimcheka. "Hama huko, dada. Utamlea mtoto kwa ukungu?" Maneno hayo yalimuuma, maana mumewe alizikwa mlimani.

Mwaka mmoja jua likawaka bila huruma. Viazi viligeuka kijani matawini, vikawa vichungu, na waliovila walitapika. Tupokigwe aliambulia kikapu cha vidogo vilivyosalimika, kila kimoja kama yai. Njiani vikaanza kulia: "Mama, jua linatuua. Tufunike!"

Alisimama. Hicho ndicho kilikuwa chakula chao cha mwisho, na Sekela alikuwa na njaa. Lakini Tupokigwe hakujua kusikia kilio akapita. Alipofika kwake aliinua tuta, akavilaza ndani, akavifukia. Shemeji yake, aliyekuwa amepanda kutoka bondeni kuwajulia hali, alijishika kiuno. "Shemeji, siku hizi tunazika chakula?"

Tupokigwe aliendelea kufukia. Mama na binti walikula mboga za mwitu, na majani ya viazi yalipochomoza, mama aliyaongezea udongo kama anayemvutia mtoto blanketi.

Siku alipofukua, tuta lilikuwa limejaa viazi vyeupe, vitamu. Alikaa matopeni akalia kwa furaha.

Bondeni hakikubaki hata kimoja. Wale waliomcheka walipanda mlima wameinamisha vichwa. Sekela alitaka wafukuzwe.

"Mwanangu," mama yake akasema, "hata viazi hivi vilikuja hapa vinaomba."

Akamchemshia binti yake vile vikubwa. Vidogo aliwagawia wageni wakapande, akawaonyesha namna ya kufukia.

Na tangu siku hiyo, kila mkulima wa viazi huvipandishia udongo, na kiazi kilichoachwa juani hugeuka kijani na kuwa kichungu, kwa kuwa hakijasahau. Watu wa bondeni hulima viazi vya kula, lakini mbegu huifuata kule kwenye baridi. Na wa mlimani hawamwachi mtu ashuke na kikapu kitupu, hata awe yule aliyewacheka jana.