Hanamfano na Jina Alilopewa na Bibi

Majina ya utani hayakuwapo tangu mwanzo. Zamani hizo, katika nchi ya wachemsha chumvi, mtu alikuwa na jina moja tu, nalo lilitokana na siku aliyozaliwa. Aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Mvula, aliyezaliwa wakati wa njaa aliitwa Nzala, basi. Ukisimama mlangoni ukaita Mvula, nusu ya kijiji ilikuja, pamoja na wazee na mikongojo yao, wakikuuliza unataka nini.

Katika kijiji hicho aliishi Kalunde, ambaye hakuna aliyemfikia kwa kuchemsha chumvi. Alikaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto, hadi majirani wakachoka kumuuliza. Alipojaliwa binti, tena siku ya mvua, alikataa katakata kumwita Mvula.

"Huyu sikumngoja muda wote huu aje kuitika pamoja na vikongwe," alisema. Akamwita Hanamfano.

Jina lilikuwa zuri, hilo hatumnyimi. Shida ilikuwa jinsi alivyolilinda. Mtu akilifupisha, Kalunde alikuja juu; akilifanyia mzaha, alinuniwa, na chumvi hapati. Sasa nani ataweza kula mboga chapwa mwaka mzima? Watu wakaona isiwe taabu, wakaacha kulitaja kabisa. Wakimtaka mtoto, walimwonyesha kwa kidevu. Watoto walipoitana kwenda kucheza, yeye hakuitwa. Hata Kalunde mwenyewe alilitaja mbele ya wageni tu. Wakiwa wawili nyumbani alisema "mwanangu" na kuishia hapo.

Mtoto akakua, akanenepa, tumbo likawa linamtangulia kila aendako. Lakini alipoitwa Hanamfano, hakugeuka. Kalunde alipiga makofi nyuma ya kisogo chake, mtoto akageuka mara moja. Masikio yalikuwa mazima. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Kalunde, kwamba mtoto aliyemlilia miaka yote ile hamtaki.

Siku moja walikuwa wanachemsha chumvi uani. Kalunde alikuwa ng'ambo ya pili akipanga kuni, akamwona mtoto anakwenda moja kwa moja kwenye chungu kinachotokota, mkono umenyooshwa.

"Hanamfano! Hanamfano!"

Mtoto hakusimama. Kalunde alitupa kuni akakimbia, huku akiona wazi kwamba hatafika.

"We Kitumbo! Hebu njoo hapa!"

Aliyeita ni Nyamizi, mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa kizingitini. Mtoto akasimama, akageuka, akacheka, akamkimbilia bibi yake na tumbo lake mbele.

Kalunde alifika akihema. "Mama, umemwitaje?"

"Nimemwita jina analoitika, mwanangu. Wewe ukienda kuchimba udongo wa chumvi, mimi hubaki naye. Nawe mtazame tumbo lile, ningemwita nani?"

Hasira zilimpanda Kalunde, kisha wivu, kisha akamtazama mtoto akiwa mzima mapajani mwa bibi, vyote vikamtoka pamoja na machozi. Akachuchumaa, akanyoosha mikono. Haikuwa rahisi kulitaja jina la bibi, maana lile jingine alikuwa amelitafuta kwa uchungu.

"Kitumbo," akaita, kwa sauti ndogo.

Mtoto akamjia mbio.

Kesho yake alimbeba mgongoni, akapita nyumba hadi nyumba akiwaambia watu wamwite wapendavyo. Kufika jioni mtoto alikuwa na majina mengine mawili, na moja lilikuwa baya kweli. Kalunde alinuna, lakini mtoto hakuwapo kumwona akinuna. Alikuwa amekwenda kucheza.

Na tangu siku hiyo, mtoto akitolewa nje mara ya kwanza, mama hutaja jina alilolichagua, na watu husema ni zuri. Kisha bibi humpokea mtoto, humtazama vizuri, humpa jina la utani. Mama huumia kidogo, lakini hulikubali, kwa sababu anajua ni jina lipi mtoto atakaloligeukia.