Mzee Asajile na Sindano ya Kroshia

Hii aliituma mama mmoja kwenye kundi letu la kwaya, nikacheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Isome taratibu, kisha mpelekee mtu mmoja wa nyumbani kwenu ambaye siku hizi hacheki.

Kule Tukuyu, kando ya barabara iendayo mpakani, aliishi mzee aitwaye Asajile. Maisha yake yote aliendesha malori. Alijua kona zote za milima ile, alijua ukungu hushukia wapi na wapi dereva mwenye akili hupunguza mwendo. Kisha mgongo ukamgomea. Daktari akamwambia wazi, "Mzee, ukirudi kwenye usukani, utashushwa kwa machela." Ndivyo alivyostaafu.

Mkewe, Bi. Subilaga, alikuwa na mambo mawili aliyoyapenda kila siku akishamaliza kazi za shamba: kufuma kwa kroshia na kuoka. Alifuma vitambaa vya makochi, vya meza, kofia na shali. Keki na mikate alioka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na harufu ilivuka ua ikawaita majirani bila mwaliko. Hakuuza chochote. Alipenda tu kuona uzi ukigeuka ua, na alipenda kuona watu wakitafuna huku wanatabasamu.

Mzee Asajile yeye alikaa barazani akitazama malori yakipita. Kila dereva aliyeingiza gia vibaya, mzee alimsonya.

"Mama Tusekile," alimwambia mkewe siku moja, "nyumba hii hata redio imevaa sketi. Uzi kwenye kochi, uzi kwenye meza, uzi kwenye jagi la maji. Ipo siku nitaamka nami nimefunikwa kitambaa cha maua."

"Ukikaa bila kutikisika hivyo," akajibu Subilaga, "nitajuaje kama wewe si kochi?"

Jirani yao, Gwantwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee hakucheka. Aligeuza uso akaendelea kutazama barabara.

Subilaga alitania, lakini moyoni alikuwa na hofu. Mumewe alikuwa anakula kidogo, analala mchana, anagombana na kuku. Na siku moja, akiwa anaanika nguo, akamsikia anazungumza kwenye simu na rafiki yake wa zamani, Ambilike, mwenye lori.

"Ukipata safari ya Lilongwe, nikumbuke mwenzio," Asajile alikuwa anasema. "Mgongo? Aah, mgongo umepona kabisa!"

Huyo huyo asubuhi ile alikuwa ameshindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Subilaga akabaki ameshika shati lililolowa. Kumkataza asingeweza, maana kumkataza mtu aliyekata tamaa ni kumsukuma. Akanyamaza, akamwomba Mungu.

Wakati huo binti yao Tusekile, aliyeolewa Mbeya, alikuwa mjamzito. Ndiye mjukuu wa kwanza. Subilaga akanunua uzi laini mweupe, akaanza kumfumia shali. Ilipofika nusu, mvua ikanyesha, akateleza mlangoni mwa jiko na kuangukia mkono wa kulia. Mfupa ukavunjika. Hospitali wakamfunga plasta mpaka kwenye kiwiko.

Walipofika nyumbani, Subilaga alikaa kitandani akaitazama ile nusu shali, machozi yakamtoka.

"Mkono unauma sana?" mumewe akauliza.

"Si mkono. Mjukuu anakuja, na shali imeishia hapa."

"Tutanunua dukani."

"Ya dukani itampa joto, sawa. Lakini nilitaka afunikwe na kitu kilichofumwa na mtu anayemngoja."

Mzee Asajile akasimama pale mlangoni kwa muda. Akakuna kichwa. Akatazama nje kama kuna jirani anayemwona.

"Nionyeshe," akasema.

"Nikuonyeshe nini?"

"Hicho kisindano chako. Nionyeshe kabla sijabadili mawazo. Na mlango tuufunge."

Basi wakaanza. Vidole vya Asajile vilikuwa vinene, vimezoea usukani na spana. Uzi ulimponyoka, sindano ikamchoma, jasho likamtoka kama anapandisha mlima na shehena ya saruji. Mstari wake wa kwanza ulipinda huku na huku.

"Fumua," akasema Subilaga.

"Nifumue? Nimehangaika nao tangu asubuhi!"

"Fumua, Baba Tusekile. Uzi hauna kinyongo. Ukiukosea, unaanza nao upya."

Akafumua. Akafuma. Akafumua tena. Kisha ghafla akaacha, akakiinua kitanzi karibu na macho.

"Alaa! Hiki nakijua! Si ndicho tulichokuwa tunafungia turubai?"

"Hayo ya turubai siyajui."

"Ndicho! Unapitisha chini, unavuta, unapitisha tena. Mbona hukusema tangu mwanzo?"

Kuanzia hapo mikono ikakubali. Mstari ukafuata mstari. Siku ya tatu hakufunga tena mlango, na ya nne alitoka na shali mpaka barazani kwa sababu ndani kulikuwa na giza.

Jumapili ikafika, na majirani walizoea keki ya Subilaga baada ya ibada. "Leo hakuna," Subilaga akasema. Mzee akajibu, "Kwani ni wewe tu mwenye mikono? Kaa hapo unielekeze." Akapepeta unga, akapiga mayai, akarundika makaa kwa pupa. Keki ikaungua juu na kubaki mbichi katikati.

Gwantwa akatafuna kwa adabu, akameza kwa shida. "Kaka, samahani, hii ni keki au ni tofali?"

"Ni keki," akasema Asajile, "ila imepata ajali njiani."

Watu wakacheka, naye, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akacheka nao. Jumapili iliyofuata alijua kwamba makaa mengi hukaa juu na machache chini, na kwamba kifuniko hakifunguliwi kila dakika kama mlango wa duka. Keki ikaumuka vizuri, ikawa na rangi ya asali. Alikula vipande vyake, akala na cha mkewe.

Siku ya kutolewa plasta, Subilaga alikwenda hospitali na Gwantwa. Akarudi mkono ukiwa umefungwa kwa khanga, unaning'inia shingoni.

"Daktari kasemaje?" mumewe akauliza.

"Kasema bado nisiushughulishe."

"Basi tulia. Mimi nipo," akasema mzee, akachukua sindano yake.

Siku chache baadaye, lori kubwa likapiga honi mbele ya nyumba. Ambilike akaruka chini na kuja barazani akipunga mikono.

"Kaka Asajile! Safari ya Lilongwe hii hapa! Dereva wangu kaugua. Chukua koti, panda twende!"

Subilaga alikuwa jikoni. Alisikia kila neno. Akajibanza nyuma ya mlango, asithubutu hata kupumua.

Kule barazani Asajile alikuwa amekaa, shali imemfunika magoti yote, midomo inatikisika polepole.

"Kaka, husikii?"

"Nyamaza kwanza, nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Vitundu. Nimefika kwenye pindo. Nikiacha hapa nitaharibu." Akamaliza alipotaka kumaliza, ndipo akainua uso.

Ambilike akashika kiuno. "Yaani unaikataa Lilongwe kwa ajili ya uzi?"

Mzee akalitazama lile lori. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa, injini inanguruma vizuri. Alilitazama kwa muda mrefu, na usidhani lilikuwa jambo jepesi kwake.

"Ambilike, nilikudanganya," akasema. "Mgongo haujapona na wala hautapona. Nilikuwa naogopa kukaa bure. Nilikuwa naona nikifa njiani ni afadhali kuliko kufa kwenye kiti hiki. Siku hizi sioni hivyo. Ingia ndani, kuna keki ya moto, ule ndipo uende ukatafute dereva mwenye mgongo."

Ambilike akaingia akicheka cheko la kumdhihaki. Alipoonja akaacha kucheka. Akaondoka na kipande cha njiani, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kule jikoni Subilaga aliegemea ukuta, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Alipopata nguvu, Tusekile akamleta Tukuyu kuwaona babu na bibi. Nyumba ikajaa. Mtoto akafunikwa shali nyeupe yenye pindo la njano, na kona moja imepinda kidogo.

"Mama, nzuri kweli!" Tusekile akashangaa. "Umefumaje na mkono mbovu?"

"Muulize baba yako."

Tusekile akamtazama baba yake, akatazama sindano iliyochomoza kwenye mfuko wa shati lake, akacheka mpaka akalia. Kisha akamnyanyua mtoto. "Haya bibi, mpokee mjukuu wako."

Na hapo Subilaga akajisahau. Aliuchomoa mkono kwenye khanga, akanyoosha mikono yote miwili, akampokea mtoto, akamwinua juu, akamzungusha, akamshusha kifuani, huku anapiga vigelegele.

Sebule nzima ikamkodolea macho. Gwantwa akatazama dari.

Subilaga akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Tusekile, nisamehe. Mkono umepona zamani. Daktari aliniruhusu siku ile ile ya plasta. Lakini nilikuona unacheka. Nikaogopa nikiishika ile sindano, utarudi kukaa kule barazani na kunyamaza."

Mzee Asajile akaweka kikombe chini. Akajikohoza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Siku niliyokwenda sokoni kutafuta uzi wa njano, duka lilikuwa limefungwa, nikarudi mapema. Nikachungulia dirishani. Nikakuona unakanda unga kwa mikono yote miwili, unaimba, unautwanga huo unga kama mtu aliyekukosea. Nikarudi zangu barabarani, nikasimama kidogo, ndipo nikaja huku nakohoa ili upate muda wa kujifunga khanga."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme? Ungeninyang'anya sindano!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko, mtoto akashtuka akaanza kulia, na babu yake ndiye aliyemchukua na kumbembeleza.

Kesho yake Mzee Asajile alikwenda sokoni kununua sindano ya pili. Mpaka leo wanandoa hao hugombana karibu kila jioni, lakini ugomvi wenyewe ni nani kamaliza uzi wa njano.

Funzo: Umpendaye akizama katika huzuni, usimpe maneno matupu, mpe kitu cha kushika mkononi, kisha ukae karibu naye. Nawe usikicheke kinachomfurahisha mwenzako kabla hujakijaribu, huenda na furaha yako imo humo humo.