Korongo, Mchina na Kamba ya Maziwa

Hapo zamani, na zamani hizo si za mababu bali ni za mwaka 2009, ambao wengi wenu mnaukumbuka kwa mvua zake, palikuwa na kijiji cha mlimani kilichoitwa Itebela. Itebela ilikuwa na ukungu asubuhi, ukungu jioni, na njia moja tu ya kwenda hospitali: kuupanda mlima na kuushuka upande wa pili. Wakati wa masika magari hayakuthubutu kupita njia hiyo. Pikipiki zilithubutu.

Ili mnielewe vyema, yanipasa nianzie mwaka 1974. Mwaka huo serikali ilileta bwana shamba, naye alikuja na pikipiki ya Kijapani yenye nembo ya ndege korongo kwenye tangi. Watu wakaiita Korongo. Korongo ilipanda mlima masika, Korongo ilipanda mlima kiangazi, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeiona imesimama njiani. Bwana shamba alipohamishwa mwaka 1993, watu waliisindikiza Korongo hadi mwisho wa kijiji kama wanavyomsindikiza bibi harusi.

Jambo moja hawakuliona. Kila Jumamosi bwana shamba alikuwa akifunga lango la ua wake, akimwaga oili chafu, akitia oili safi, na kukaza kila nati. Watu waliziona safari, hawakuziona Jumamosi. Kwa hiyo wakaamini kwamba nguvu za Korongo zilikuwa ndani ya Korongo yenyewe.

Ikapita miaka. Siku ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2008, mfanyabiashara wa mjini aitwaye Nsajigwa, mzaliwa wa Itebela, alipokea pikipiki mbili kutoka bandarini zikiwa ndani ya makasha ya mbao. Zote mbili zilitengenezwa China, katika kiwanda kimoja, na kwenye matangi yake yalikuwapo maandishi ya Kichina ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Injini kwa injini, mnyororo kwa mnyororo, zilifanana kama mayai ya kuku mmoja.

Nsajigwa akaitazama ya kwanza, akaiacha kama ilivyokuja. Akaitazama ya pili, akayabandua maandishi yale, akabandika nembo ya korongo aliyokuwa ameichongesha mjini. Ya kwanza akaiuza kwa bei ya chini. Ya pili akaiuza kwa mara mbili ya bei hiyo.

Ya pili ilinunuliwa na kijana aitwaye Gwamaka. Ya kwanza ilinunuliwa na Anyosisye, kibarua ambaye ndiye aliyekodiwa siku ile kuyafungua makasha. Anyosisye aliyaona yote kwa macho yake.

Kijiweni, mahali ambapo waendesha pikipiki wa Itebela hungojea abiria, Anyosisye hakupumua kwa mizaha.

"Anyosisye, hiyo Mchina yako inatumia betri za redio?"

"Usiiegeshe karibu na jiko la mahindi, bwana! Itayeyuka, tukukose na wewe!"

"Jamani," Anyosisye akasema, "hizi ni pacha. Nimezitoa kwenye makasha kwa mikono yangu hii."

"Wivu huo!" wakamjibu. "Mtu anaona wivu hadi wa ndege wa kubandika!"

Akasema mara ya kwanza, wakacheka. Akasema mara ya pili, wakacheka zaidi. Mara ya tatu hakusema.

Basi huyu aliyekuwa na Mchina, kwa kuwa alifundishwa kuiogopa, aliichunga. Alimwaga oili, akatia oili, akapaka mnyororo grisi. Na huyu aliyekuwa na Korongo, kwa kuwa alifundishwa kuiamini, aliliosha tangi. Nembo ikang'aa hata ndani ya ukungu.

"Korongo haililii oili kama mtoto anavyolilia uji," Gwamaka alikuwa akisema. "Mchina ndiyo ya kubembelezwa."

Ikafika Jumanne nyingine, tarehe 14 Aprili 2009, siku ya pili baada ya Pasaka. Mvua ilikuwa haijakatika tangu Ijumaa Kuu. Siku hiyo Tupokigwe, mke wa Lugano, alishikwa na uchungu wa uzazi. Mkunga akamtazama, akatoka nje akiwa amekunja uso.

"Damu hii si ya kungojea," akamwambia Lugano. "Mpeleke hospitali, sasa hivi."

Lugano akakimbilia kijiweni. Sheria ya kijiwe mnaijua: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuondoka. Zamu ilikuwa ya Anyosisye, na mguu wake ulikuwa tayari juu ya kiki.

"Panda, shemeji, tumfuate."

"Leo si siku ya majaribio," Lugano akasema. "Mke wangu simpakizi kwenye plastiki. Gwamaka! Washa Korongo!"

"Shemeji, zamu ni yangu."

"Zamu ni ya magunia ya viazi, Anyosisye. Huyu ni mke wangu."

Watu wakacheka. Hata siku ile walicheka. Anyosisye akauondoa mguu kwenye kiki, akaketi. Kwa wiki nzima alikuwa ameisikia injini ya Korongo ikigonga, naye alijua maana ya mlio ule. Hakusema.

Wakapanda mshikaki: Gwamaka mbele, Tupokigwe katikati, na nyuma yake mama yake mzazi, Bibi Ndimbumi, aliyemkumbatia asianguke. Lugano akawafuata kwa miguu, akikimbia katika tope. Walipofika katikati ya mlima injini ilipiga kelele moja, ikanoki, ikakwama kabisa. Gwamaka akapiga kiki. Kiki haikushuka. Akapiga tena, akiwa anaita jina la Mungu. Korongo ilikuwa imenyamaza, huku nembo yake ikiendelea kung'aa.

Mtoto akazaliwa pale pale kando ya njia, juu ya kitenge, huku baba yake aliyewafikia akishika koti juu yao kuzuia mvua. Alikuwa wa kike, na alikuwa hai. Lakini damu ya mama yake haikukoma. Gwamaka akateremka mlima mbio hadi kijiweni.

"Anyosisye, twende! Korongo imenoki!"

Anyosisye akainuka polepole.

"Sema kwanza," akasema.

"Niseme nini? Mtu anakufa kule!"

"Sema mbele ya hawa waliokuwa wakicheka. Pikipiki ipi ni nzima?"

Gwamaka akawatazama watu.

"Ya kwako," akasema. "Mchina ndiyo nzima. Twende, ndugu yangu, nakusihi."

Hapo ndipo Anyosisye alipokanyaga kiki. Mchina ikawaka kwa mara moja, ikaupanda mlima ikiwa imebeba watu wawili, bila kukohoa. Walipofika, Bibi Ndimbumi alikuwa amekwisha kumfumba binti yake macho. Mwili ulikuwa bado una joto.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo.

Itebela ilikuwa na desturi. Mama akifa kwa kosa la mtu na kuacha mtoto wa kunyonya, siku ya maziko kamba mpya hulazwa chini katikati ya ua. Mwenye kosa huinama, huiokota, huifunga shingoni mwa ng'ombe wake mwenye maziwa, na humleta ng'ombe huyo kwa mtoto. Tangu siku hiyo huitwa baba wa maziwa. Mtoto atamwamkia kama baba maisha yake yote, na hakuna mtu atakayemkumbusha kosa lake tena. Kamba ni moja, ng'ombe ni mmoja, mtu ni mmoja. Na yeyote atoaye maziwa kabla kamba haijaokotwa huhesabiwa kuwa amekiri.

Basi wenye ng'ombe waliwapeleka ng'ombe wao malisho ya mbali. Mtoto akanyweshwa maji ya sukari kwa kijiko, siku ya Jumanne, na siku ya Jumatano. Alhamisi tarehe 16 Aprili wakamzika Tupokigwe, wakarudi uani, na kamba ikalazwa chini. Bibi Ndimbumi akasimama mbele yake, mjukuu kifuani.

"Nsajigwa," akasema, "habari ya makasha sasa tunaiamini. Wewe ndiwe uliyebandika ndege. Okota."

Nsajigwa, aliyekuwa amekuja kutoka mjini na blanketi la rambirambi, akavua kofia.

"Mama, pole sana. Lakini mimi niliuza injini nzima, na pacha wake ameupanda mlima huu mbele ya macho yenu. Nembo hainoki, mama. Kilichonoki ni injini isiyotiwa oili. Ningewaletea yenye maandishi yake, si mngeicheka kama mlivyoicheka ya Anyosisye? Mlitaka korongo, nikawaletea korongo. Maziwa ya kopo nitaleta hata leo, lakini nitayaleta kama sadaka, si kama kosa."

"Sadaka yako kaitie kwenye kapu la kanisani. Mjukuu wangu hatakunywa maziwa ya kunifumba mdomo."

Kamba ikabaki chini.

"Gwamaka, wewe ndiwe uliyembeba. Okota."

"Bibi, mimi nimeibiwa kabla yenu," Gwamaka akasema, machozi yakimtoka. "Nililipa mara mbili ili nisiwe na wasiwasi. Na ninyi nyote mlinilea kwa hadithi za Korongo. Nani kati yenu aliwahi kuniambia kwamba Korongo hutiwa oili? Ningejua ni Mchina, ningeichunga kama Mchina. Wala sikumpora mtu zamu, niliitwa. Nikakimbia mlima mzima, na nikasema niliyoambiwa niseme."

"Masikio je, hukuwa nayo?" mama mmoja akamtupia kutoka kwenye mkeka. "Injini inatwanga kama kinu, wewe unaosha tangi!"

"Nilidhani ni sauti ya nguvu, mama."

Kamba ikabaki chini.

"Anyosisye, wewe ndiwe uliyejua. Okota."

"Nilijua, nami nilisema. Mara mbili nilisema, mkacheka. Siku yenyewe zamu ilikuwa yangu, pikipiki yangu ilikuwa nzima, nikaambiwa ni plastiki. Mtu aliyefukuzwa mlangoni ataulizwaje habari za ndani?"

"Na ile 'sema kwanza'?" Gwamaka akauliza. "Hiyo nayo ulifukuzwa?"

Anyosisye akawageukia waliokuwa wakimcheka.

"Lilikuwa neno moja," akasema. "Mlinicheka miezi saba. Nilitaka neno moja tu."

"Mwili ulikuwa na joto, Anyosisye," Bibi Ndimbumi akasema. "Mimi ndiye niliyeushika."

Anyosisye akaitazama kamba, akapiga hatua moja kuielekea, kisha akasimama. "Nikiiokota mimi," akasema, "kesho Nsajigwa anabandika ndege mwingine, na hakuna atakayemuuliza."

Kamba ikabaki chini.

Bibi Ndimbumi hakumwita Lugano. Lugano alijitokeza mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyechagua," akasema. "Nilimchagulia kile tulichokisifu sote. Nani hapa angempakiza mkewe kwenye kitu alichokicheka asubuhi ileile? Lakini mdomo uliosema 'Washa Korongo' ni wangu."

Akainama. Mkono wake ukaikaribia kamba, karibu kabisa na ardhi. Kisha mtoto akalia kidogo kifuani mwa bibi yake, na mkono ule ukasita. Kwa maana desturi ilisema tena hivi: baba aliyemzaa mtoto hawezi kuwa baba yake wa maziwa. Akiiokota kamba, mtoto huchukuliwa na ukoo wa mama, naye baba hatamwita wake tena.

"Mama," Lugano akasema, angali ameinama, "nimempoteza Tupokigwe. Nikiishika hii nampoteza na mwanangu. Pokea makopo ya Nsajigwa. Nakupigia magoti. Pokea tu, mtoto anywe."

"Nikiyapokea bila kamba," Bibi Ndimbumi akajibu, "itakuwa binti yangu ameuawa na mvua."

Lugano akainuka, mikono mitupu. Kamba ikabaki chini.

Ukungu ukashuka uani. Kutoka malisho ya mbali waombolezaji waliwasikia ng'ombe wakilia kwa viwele vilivyojaa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwarudisha nyumbani kukamuliwa. Mtoto akalia tena, kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Kisha akaacha kulia, na Bibi Ndimbumi akainamisha sikio lake kuisikiliza pumzi.

Nanyi mlioketi mkinisikiliza, hapo ndipo ninapowaachia ua ule. Mmoja alibandika jina. Mmoja aliliamini jina akaisahau injini. Mmoja aliujua ukweli, na siku ulipohitajika akautoza ushuru. Mmoja alichagua kwa kusikiliza vicheko vya watu. Na yuko bibi aliyesimama akiwa na haki yake mkono mmoja na mjukuu wake mkono wa pili. Msinigawie kosa hili vipande vinne, maana ng'ombe wa vipande vinne hakamuliwi. Wala msikawie kujibu, maana mtoto amenyamaza.

Je, ni nani aliyestahili kuinama na kuiokota kamba ile?